Nikeli Ikipoa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo bila hodi. Kabla ya mchana paa la chumba alichopanga mdogo wangu na mumewe liling'oka lote, likaenda kutua uwanjani kwa jirani. Saa nane walikuwa sebuleni kwangu na godoro linalochuruzika, cherehani, na mfuko wa masufuria. Nyumba ni ya kiwanda, nimepewa kwa kuwa mimi ndiye mkemia wao. Ina vyumba viwili na mimi ni mmoja. Nikawaambia karibuni, kaeni hadi mvua ziishe.

Shemeji namjua wa kazini. Ni kiongozi wa zamu kwenye nyumba ya gesi, na wote tunamwita Bondia kwa sababu ujanani alipigana ulingoni, na pua yake ni ushahidi wa kutosha. Mcheshi kweli. Kabla hajakaa chini alishapanda darini kuziba mahali panapovuja kwangu tangu mwaka juzi. Nimefurahi kuwa nao.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Bondia ametengeneza mfereji wa paa. Mdogo wangu anashona sare za wafanyakazi, cherehani inalia kutwa.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimempiga mtu. Fundi bomba, mtu mzima na akili zake, aliwasha sigara nyuma ya nyumba ya gesi, karibu kabisa na bomba la hidrojeni ambalo yeye mwenyewe aliitwa kuliziba. Sikusema neno. Nilimzaba kibao, sigara ikaruka dimbwini, nikamkamata kola nikamburuta hadi getini huku anapiga kelele kwamba namvunjia heshima. Ana mwili mara mbili ya wangu, na kiwiko chake kimenipasua mdomo, lakini sikuachia. Meneja aliuliza kwa nini sikumwambia kwa upole. Nikamjibu kwamba kuambiana ni kwa wenye nafasi. Bondia alicheka hadi machozi. "Shemeji huyu haombi," akawaambia watu wa zamu. "Anakamata."

Jioni, Bondia akiwa bado kazini, mdogo wangu alinikanda mdomo kwa maji ya chumvi na kuniuliza humo kwenye nyumba ya gesi kuna nini hasa. Nikamweleza. Kiwanda chetu kinageuza mafuta ya maji kuwa mafuta ya kuganda, na kazi hiyo inafanywa na hidrojeni. Hidrojeni hutembea wawili wawili, atomu mbili zimekumbatiana kiasi kwamba mafuta hayaziwezi. Zikitua juu ya nikeli, nikeli inazirarua. Kila moja inabaki peke yake imenasa pale juu ya metali, na hapo ndipo mafuta yanapoichukua kirahisi. Mdogo wangu akauliza kama nikeli yenyewe haiumii. Nikasema haiumii, inabaki vilevile, inasubiri wengine.

Nikamweleza na ubaya wake. Gesi yetu huja na uchafu, monoksidi ya kaboni, na uchafu huo tunaupitisha kwenye mtungi mrefu wenye nikeli ya moto. Kwenye moto unavunjwavunjwa, unakwisha. Nikeli ikipoa mambo yanageuka. Uchafu unakaa juu ya metali bila kuvunjika, halafu molekuli zake nne zinaikamata atomu moja ya nikeli, zinaing'oa na kuruka nayo. Hiyo ni gesi mpya, inanuka masizi, na inaua. Ndiyo maana mtungi hauzimwi kabla ya kuoshwa kwa naitrojeni ukiwa bado moto. Kuosha mtungi ni sheria ambayo hata mfagizi wa nyumba ya gesi anaijua.

"Inaua papo hapo?" akauliza.

Nikasema hapana, na huo ndio uchawi wake. Unaumwa kichwa, unatapika, halafu unapona. Kesho yake mapafu yanajaa maji na unazama ukiwa nchi kavu. Akaniuliza mara mbili, kwani unapona kabisa? Nikamwambia unapona kabisa, hata njaa unasikia.

Jumapili, 17 Machi

Nimesikia kishindo chumbani kwao. Asubuhi nikaambiwa kigoda kilianguka. Kigoda kiko jikoni, nimekikalia.

Jumatano, 20 Machi

Mdogo wangu ana alama shingoni. Ati utepe wa kupimia nguo. Nimeuma ulimi nikaenda kazini, nikavunja chupa mbili za maabara kwa hasira na kusema ziliteleza.

Jumamosi, 23 Machi

Sasa nimeona kwa macho yangu. Chai ilikuwa baridi. Hakupaza sauti, hakusimama hata. Alinyoosha mkono akampiga sikioni, namna watu wanavyopiga redio iliyokwama, kisha akaendelea kunisimulia habari za zamu yake. Mdogo wangu aliinua kikombe akaenda kupasha chai upya.

Nilichukua birika jikoni nikammwagia maji ya moto mguuni. Ndipo nikajua kwa nini anaitwa Bondia. Sikumwona akiinuka. Nilijikuta ukutani, vidole vyake kooni, miguu yangu inatafuta sakafu, na uso wake uko karibu na wangu, umetulia kabisa. Aliponiachia alikaa chini akalia kama mtoto. Akaomba radhi kwangu, akaomba kwa mkewe. Mdogo wangu akapiga magoti kumpaka dawa mguuni, akipuliza malengelenge ili yasiwashe.

Nimemkasirikia yeye kuliko huyo mume. Kisha nimejikasirikia kwa kumkasirikia. Nimemeza mate kutwa na koo bado linauma.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemwambia mdogo wangu aondoke aende kwa shangazi, nami nitamsindikiza. Amesema mume wake si mbaya, ni mikono tu. Nikamwuliza hiyo mikono ni ya nani.

Ijumaa, 29 Machi

Mto umepanda. Mlinzi wa getini alikuwa anavuka daraja na baiskeli yake, maji yakamzoa. Watu walisimama kando wanapiga mayowe. Bondia alivua viatu akajirusha. Alimshika mlinzi kwenye rundo la miti lililokwama chini ya daraja, akapigwa na gogo mgongoni, hakuachia. Alitoka naye begani, damu zinamtiririka, halafu akarudi kuitafuta na baiskeli.

Kiwanda kizima kilimshangilia. Mimi pia nilipiga makofi. Sijui nifanye nini na jambo hili. Ningependa awe mbaya mwanzo hadi mwisho, niweze kumchukia kwa raha.

Jumatano, 3 Aprili



Nilirudi mchana kuchukua koti la mvua. Cherehani ilikuwa imelala ubavu katikati ya sebule na mdogo wangu yuko nyuma yake, ameketi sakafuni, ameshika kidevu kwa mikono miwili kana kwamba kinaweza kudondoka. Na kweli kingedondoka. Taya lilikuwa limekwenda upande wake, uso mzima upande mwingine. Hakuwa analia. Damu na mate vilikuwa vinashuka hadi kwenye sare aliyokuwa anaishona, sare yenye jina la kiwanda kifuani.

Alikuwa amemwambia mumewe kwamba atakwenda kwa shangazi hadi mvua ziishe. Hilo tu. Neno nililomtia mimi mdomoni wiki iliyopita.

Bondia alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, anaangalia mvua. Nilimpiga na kigoda mgongoni, pale pale gogo lilipompiga. Kigoda kikavunjika. Hakugeuka. Alisema tu, "Mpeleke hospitali, shemeji. Mimi nikimgusa sasa hivi ataogopa."

Lori la kiwanda lilituvusha daraja maji yakiwa kwenye matairi. Hospitali wamemfunga meno kwa waya, ya juu na ya chini pamoja. Wiki sita. Polisi wa hapo hospitali alipouliza, mdogo wangu alichora kwa kidole hewani, ngazi, ameanguka. Nyumba yangu ina vidato viwili tu, na kimojawapo kimebomoka. Polisi akafunga daftari lake. Nikazungumza na meneja, akasema anasikitika sana, ila hayo ni mambo ya nyumbani na zamu ya usiku haina kiongozi mwingine.

Nilimwamuru Bondia atoke nyumbani kwangu. Alisema atatoka mkewe akitoka. Mdogo wangu akabaki.

Jumanne, 9 Aprili

Anakunywa supu kwa mrija. Anayempikia ni Bondia. Anaichuja mara mbili, anaidondoshea mkononi kuona isije ikamuunguza. Sijawahi kuchukia kitu kama ninavyoichukia ile supu.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Mdogo wangu amerudi kwenye cherehani. Nyumbani hatuongei, yeye hawezi na sisi hatutaki.

Jumatatu, 15 Aprili

Barabara imekatika na lori la naitrojeni limekwama ng'ambo. Hapohapo gasketi inayoziba kifuniko cha ule mtungi wa nikeli inavuja, na meneja anataka ibadilishwe kwa sababu uzalishaji umeshuka. Kikao kilikuwa kikali. Nilisema mtungi ubaki moto, hata ukivuja, hadi naitrojeni ifike. Hatuwezi kuupoza na ule uchafu ndani. Bondia akasema mkemia anaogopa harufu. Watu wakacheka. Nikampiga jicho, naye akanipigia saluti.

Meneja amekubaliana na mimi. Bondia ametoka kikaoni akiwa amenuna, na amepiga teke mlango hadi bawaba ikang'oka.

Ijumaa, 19 Aprili

Kumekucha bila mvua. Wamepanga mawe barabarani, lori la kiwanda linaweza kupita. Naitrojeni bado.

Jumamosi, 20 Aprili

Ni mchana. Naandika jikoni na mlango wa nyuma uko wazi. Yeye yuko uani, amepindua baiskeli ya mlinzi anaikaza mnyororo, anapiga mluzi.

Alirudi saa sita. Hata viatu hakuvua, akanitangazia kwamba mtungi umefunguliwa, gasketi mpya imeingia, na naitrojeni yangu hakuihitaji. Meneja yuko likizo ya mwisho wa wiki, basi yeye kaamua. Jana alizima moto akaacha nikeli ipoe na gesi ndani. Leo asubuhi wasaidizi walikataa kugusa kifuniko, akawafukuza, akafungua mwenyewe, akaingiza kichwa na mabega kukwangua ukingo. "Kichwa kiliniuma kidogo, nikatapika chai yote," alisema. "Nesi wa kiwanda kanisikiliza kifua, safi. Sasa nina njaa ya simba."

Nikamuuliza ilikuwa inanuka nini.

"Masizi," akasema. "Kama sufuria iliyosahaulika jikoni."

Nilipiga simu getini. Nikamwamuru mlinzi atoe kila mtu, afungue madirisha yote ya nyumba ya gesi, asikanyage mtu mle hadi nifike. Nilienda na barakoa nikafunga kifuniko kwa mikono yangu, nikahakikisha hakuna mwingine aliyesogea. Meneja alinipigia nikiwa njiani kurudi. Akauliza na Bondia je, yuko salama?

"Anakula," nikajibu.

Ilikuwa kweli. Nilipofika alikuwa kwenye sahani ya pili.

Basi nikamwambia. Saa saba na nusu, nikiwa nimesimama mlangoni. Nilisema kwamba aliyoivuta ni ile gesi, kwamba kupona huku ni kwa muda, kwamba hospitali wana oksijeni na dawa na lori liko getini na daraja linapitika leo, kesho sijui. Nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma saa za kufunguliwa kwa duka. Bondia alicheka hadi akapaliwa. Alisema tangu ile siku namtafutia njia ya kumtoa ndani ya nyumba hii, na leo nimeipata. Yeye akilazwa, mkewe atajikuta kwa shangazi.

Nikamwambia mara ya pili, kwa kirefu, nikitaja na kesho yake itakavyokuwa. Hapo alipunguza kucheka. Aliweka kijiko chini, akamgeukia mkewe aliyekuwa kwenye cherehani.

"Na wewe, unaamini haya?"

Nilimtazama mdogo wangu. Aliinua macho akamwangalia mumewe kwa muda mrefu, meno yamefungwa, waya unang'aa kidogo penye pengo. Kisha akarudisha mguu kwenye pedali na mshono ukaendelea.

"Umeona?" Bondia akasema. Akachukua kijiko.

Nikawaza, maskini ya Mungu, mtu pekee ambaye angemsikiliza amemfunga mdomo kwa ngumi yake. Nilitoka nje. Nimesema mara mbili, na mwenye masikio amesikia. Jioni nitasema tena.

Lori limeondoka sasa hivi kwenda mjini kuchukua wafanyakazi. Nimelisikia likibadilisha gia pale kwenye kona. Wingu limerudi, jeusi, linatokea upande wa mto.

Jumapili, 21 Aprili

Jana jioni sikusema tena. Alikuwa anacheka na jirani.

Alianza kukohoa alfajiri. Kufikia saa mbili midomo ilikuwa ya buluu na hawezi kulala chali. Alinitazama, nikaona ameamini. Mvua ilikuwa inapiga paa kama inataka kuingia. Nilikimbia getini, nikawaita walinzi, tukambeba hadi kwenye lori, lililorudi usiku, mdogo wangu akapanda naye, na safari hii hakuna aliyemuuliza kitu. Mlinzi wa baiskeli ndiye aliyemshika kichwa.

Daraja halikuwapo. Hakuna kingine cha kusema, palikuwa na maji tu, rangi ya chai, yanapita na miti mizima. Dereva alizima injini. Ndani ya lori Bondia alianza kupigana. Alipigana na hewa. Alipasua kioo cha mlango kwa ngumi, akanirarua mkono wa blauzi, akamtupa mlinzi chini. Povu la waridi lilimtoka mdomoni na puani, nalifuta, linakuja jingine. Nguvu zote zile, mwili wote ule, na hakuna wa kumpiga. Mwisho alimshika mkewe mkono. Aliubana hadi nikasikia vifundo vikilia. Mdogo wangu hakuutoa.

Alikata roho kabla ya adhuhuri, tukiwa tunauona ukuta wa hospitali ng'ambo.

Jumatano, 24 Aprili

Tumezika. Maji kaburini hadi magotini.

Ijumaa, 3 Mei

Daraja la muda limewekwa, na lori la naitrojeni limefika. Nikeli mpya imeingia mtungini. Kwenye kikao meneja aliwaambia watu wote kwamba mkemia alimwonya marehemu, tena mara mbili, na kwamba laiti sote tungekuwa na moyo kama wa mkemia. Walinipa mikono mmoja mmoja. Fundi bomba alikuwa wa mwisho. Alinishika mkono akaniangalia kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza bei, kisha akaondoka.

Jumapili, 12 Mei

Jua. Nimeanika magodoro yote.

Alhamisi, 16 Mei

Jana wamemtoa waya. Leo asubuhi ndipo alipozungumza, polepole, maneno yanatoka yamelegea pembeni. Alikuwa kwenye cherehani na mimi namenya matunda ili ajaribu kutafuna.

"Fundi bomba ulimzaba kibao ukamburuta," alisema. "Bondia ulimwambia."

Nikasema Bondia alikuwa na nguvu, ningemwezaje peke yangu. Akasema walinzi walikuwapo, meneja alikuwa kwenye simu, lori lilikuwa getini. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anazitaja kama mtu anayekumbuka vitu vya kununua sokoni. Nilitaka kumkasirikia na hasira haikuja. Mimi ambaye hasira hainiishii.

"Ingekuwa ni mimi niliyevuta ile gesi," akasema, "ungeniambia tu?"

Kisu kilikuwa mkononi. Nilikiweka chini.

"Ningekubeba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, taratibu. Na hapo nikakiona kichwa kile kinavyoshuka na kupanda, bila taya kuhusika hata kidogo, nikarudi nyuma hadi ile Jumamosi, kijiko mezani, mume amegeuka anauliza. Alipoona nimeona, hakutazama pembeni.

"Siku ile pia kichwa kilikuwa kizima," alisema. "Na nilikumbuka uliyoniambia. Kwamba mtu anapona, hata njaa anasikia."

Baadaye aliniomba nimtungie uzi kwenye sindano, kwa sababu vidole alivyobanwa lorini bado havinyooki vizuri. Yeye alishika sindano, mimi nikashika uzi, tukahangaika mezani hadi ukapita.